Kumtumaini Mungu Mpaka Ghalani



Wengi wetu twaijua Mithali 3:5, inayotuagiza kumtegemea Bwana kwa moyo mzima. Kanisani twaitikia Amina. Lakini neno hili hujaribiwa hasa nyumbani: mahindi yamevunwa, mvua imerudi, na shule inadai karo.

Wako wanaosema, "Tumeomba, Mungu ataangalia," kisha wanatia mahindi mabichi maguniani. Je, huko ni kumtumaini? La, huko ni kumjaribu. Mwaka wa 2004 huko Ukambani, hasa Makueni na Kitui, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye aflatoksini, sumu ya ukungu inayoharibu ini. Hatusemi walikosa imani, wengi hawakujua. Sisi tumeshajua.

Someni 2 Wafalme 4:1-7. Mjane alikuwa na deni, na mdai alitaka kuwachukua wanawe wawili. Elisha hakumwambia akae tu angoje. Alimtuma kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena vingi. Mafuta yalitoka kwa Mungu, lakini kuazima, kumimina na kuuza ilikuwa kazi ya mama.

Nasi tufanye sehemu yetu:

1. Anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Kikundi chaweza kununua turubai moja mkapokezana.

2. Pimeni kwa chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi yaliyopukuchuliwa hadi theluthi moja, ongeza vijiko 3 vya chumvi kavu. Funga, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani.

3. Pangeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

4. Yaliyoota ukungu usile, usiuze, wala usiwape mifugo. Kupika hakuondoi sumu hiyo.

Hapo pa nne ndipo moyo hupimwa. Ni rahisi kuchanganya debe bovu na mazuri ukapeleka sokoni, mnunuzi hatajua. Lakini anayelisha watoto wake kwa kuhatarisha wa jirani amesema kwa matendo kwamba Mungu hawezi kumlisha. Kulitupa debe hilo, hali nyumbani hakuna kitu, ndiko kumtumaini kwa moyo wote.

Na mwenzenu akilitupa, msimwache alale njaa. Yule mjane alipata vyombo kwa sababu majirani walikubali kuazimisha. Huenda ninyi ndio jibu la maombi yake.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
- Ni mambo gani tunamwachia Mungu ambayo yeye ametuachia sisi?
- Mwanachama akipoteza mavuno, kikundi chetu kitamsaidia vipi?