Kupeleleza Faragha za Watu: Hukumu ya Tajassus Katika Zama za Simu

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mjuzi wa siri na dhahiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba wake. Amma baad.

Wengi wanauliza: dola ikisikiliza simu za watu na kufuatilia nyendo zao, je, sheria ya Kiislamu ina la kusema? Na Muislamu anayekhofu kuwa anaangaliwa afanye nini? Tutaanza na asili ya katazo, kisha mipaka yake, kisha hali ya leo.

Asili ya katazo

Tajassus ni kutafuta yale ambayo mtu ameyaficha. Allah (s.w.) amelikataza jambo hili katika Surat al-Hujurat (49:12), na mpangilio wa aya hiyo una mafunzo: imeanza na dhana, ikafuatia upelelezi, kisha kusengenya. Mtu humdhania mwenzake vibaya, dhana ikamsukuma kumchunguza, na akishapata alichokitafuta hukitangaza.

Surat an-Nur (24:27-28) nayo imetufunza adabu ya kubisha hodi: tusiingie nyumba za watu ila kwa idhini na salamu, na tukiambiwa turudi, turudi. Katika hadithi ya Sahl bin Sa'd (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la chumba cha Mtume (s.a.w.). Mtume akabainisha kwamba kuomba idhini kumewekwa kwa sababu ya jicho. Hii ndiyo illa ya hukumu. Kinacholindwa si mbao za mlango, bali ni sitara ya mtu. Kwa qiyasi, simu imo ndani ya hukumu hii, kwani imebeba barua za mtu, picha za watoto wake, maongezi yake na mkewe, hata mahali alipolala. Anayeichungulia ameingia ndani zaidi kuliko yule wa mlangoni.

Ipo pia hadithi katika Sunan Abi Dawud inayomkemea mwenye kutazama barua ya nduguye bila idhini. Lakini Abu Dawud mwenyewe amezidhoofisha njia zake, kwa hiyo hatuifanyi kuwa hoja. Tuliyoyataja yanatosha.

Je, mtawala anaruhusiwa?

Katazo halimhusu raia peke yake. Abu Dawud amepokea kutoka kwa Mu'awiya (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimweleza kuwa akifuatilia aibu za watu atawaharibu. Amepokea pia kwamba Ibn Mas'ud (r.a.) aliletewa habari za mtu ambaye ndevu zake zinadondoka pombe. Akajibu kuwa wamekatazwa kupeleleza, ila jambo likidhihiri watalichukulia hatua.

Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058 Miladia), ameliweka jambo hili wazi katika al-Ahkam as-Sultaniyya. Muhtasib hana haki ya kupeleleza maovu yasiyodhihiri. Lakini akijiwa na mtu mwaminifu, akamwambia kuwa fulani amemchukua mtu faraghani ili amuue, hapo anaruhusiwa kuchunguza, kwa kuwa uhai ukishatoka haurudi.

Dalili ya ruhusa ni kisa cha Hatib bin Abi Balta'a (r.a.), aliyewaandikia watu wa Makka kuwapa habari za Mtume (s.a.w.). Mtume aliwatuma Ali, Zubayr na Miqdad (r.a.) hadi Rawdat Khakh, wakaichukua barua kwa mwanamke aliyeibeba. Tuzingatie: habari ilikuwa ya yakini, mtu alijulikana, hatari ilikuwa ya vita, na iliyotafutwa ni barua moja. Hawakupekuliwa wasafiri wote wa njia ya Makka.

Yaliyotokea Marekani

Baada ya mwaka 2001, polisi wa New York waliunda kitengo cha kuwachunguza Waislamu. Shirika la habari la Associated Press lilifichua mwaka 2011 kwamba mashushushu walipelekwa misikitini, migahawani na katika jumuiya za wanafunzi. Mwaka 2012 ofisa mwandamizi wa polisi hao alieleza chini ya kiapo kwamba kwa zaidi ya miaka sita kazi ya kitengo hicho haikuzaa uchunguzi hata mmoja wa ugaidi. Kilivunjwa mwaka 2014. Hapa hapakuwa na mtu maalumu wala dalili. Dini ya watu ndiyo iliyofanywa dalili.

Novemba 2020 iliripotiwa kwamba data za mahali walipo watumiaji wa Muslim Pro, programu ya nyakati za swala na kibla, zilikwenda kwa kampuni ya X-Mode, iliyokuwa ikiwauzia makandarasi wa jeshi la Marekani. Wenye programu walikanusha kuliuzia jeshi data, na wakatangaza kukata uhusiano na X-Mode. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku X-Mode na mrithi wake, Outlogic, kuuza data nyeti za mahali watu walipo. Muislamu aliyetaka kujua kibla tu, nyendo zake ziligeuzwa bidhaa.

Yatupasayo

Kwanza, khofu isitutoe msikitini wala isitufanye tumwone kila mgeni katika safu kuwa ni shushushu. Hiyo ndiyo dhana iliyokatazwa mwanzoni mwa aya.

Pili, tuchukue sababu. Programu nyingi za swala hufanya kazi kwa kuchagua jina la mji, bila kuruhusiwa kujua ulipo. Tuangalie ruhusa tulizozitoa, na zisizo na haja tuzifute.

Tatu, imamu aliyeletewa siri ya ndoa au madeni kwa ujumbe wa simu amepewa amana. Kuisambaza ni khiyana, hata kama hakutaja jina.

Nne, haki idaiwe kwa njia za sheria. Katiba ya Tanzania (ibara ya 16) na ya Kenya (ibara ya 31) zinalinda faragha, na zipo sheria za kulinda taarifa binafsi: ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022.

Tano, sitara si kinga ya dhuluma. Aliyejua njama ya kumwaga damu akatoa taarifa hakufanya tajassus, bali ameokoa nafsi.

Tunamuomba Allah (s.w.) azisitiri aibu zetu na atujaalie kuwasitiri wenzetu. Wallahu a'lam.