Kinga ya mwili inajuaje nani wa kumwacha?

Wiki iliyopita, baada ya kipindi cha afya, mama mmoja alitutumia ujumbe mrefu. Mwanawe wa miaka tisa amegundulika ana kisukari, na daktari amemweleza kuwa kinga ya mwili ya mtoto mwenyewe ndiyo iliyoharibu kongosho lake. Mama anauliza: "Kinga si ipo kutulinda? Inakuwaje imgeuke mwenyewe?" Tulikuwa tumebakiwa na dakika mbili hewani na swali lilikuwa kubwa kuliko hizo, ndiyo maana nimelileta hapa.

Tuanzie machinjioni. Ukipasua kidari cha mbuzi mchanga au ndama, juu ya moyo utakuta kipande laini cha nyama nyeupe. Si pafu, wala si mafuta. Kwa mnyama mzee hukioni vizuri, pamebaki mafuta tu. Hiyo ni tezi iitwayo thaimasi. Binadamu naye anayo, nyuma ya mfupa wa kifua. Utotoni ni kubwa, na kuanzia balehe inasinyaa mwaka hadi mwaka.

Kwa muda mrefu wataalamu waliiona kama kitu kisicho na kazi. Mwaka 1961 daktari Jacques Miller, aliyekuwa akifanya utafiti London, alieleza yaliyowapata panya aliowatoa tezi hiyo mara tu baada ya kuzaliwa. Walidhoofika na kuugua ovyo, na walipopandikizwa kipande cha ngozi ya panya mwingine, miili yao haikukikataa. Damu yao ilikuwa na upungufu mkubwa wa aina fulani ya seli nyeupe. Leo seli hizo zinaitwa seli T, na hiyo T imetokana na jina la tezi yenyewe kwa herufi za Kizungu. Kama wewe au ndugu yako mnahudhuria kliniki ya VVU, mnazijua kwa jina jingine: CD4 ni kundi mojawapo la seli T.

Seli hizi huzaliwa ndani ya uboho wa mifupa, kisha husafiri kwa damu hadi kwenye thaimasi zikiwa bado changa. Hapo kila moja hujitengenezea kipokezi chake, yaani kama mkono wa kushikia adui. Mwili haujui ni vijidudu gani vitakuja kesho, kwa hiyo unachanganya vipande vya jeni kwa kubahatisha, na kila seli inatoka na mkono wa umbo lake. Faida yake ni kwamba hata kirusi ambacho hakijawahi kuonekana duniani kinaweza kukuta mkono unaokitosha. Hasara nayo iko wazi. Ukibahatisha mamilioni ya mikono, mingine itatosha kushika ini lako, ngozi yako, kongosho lako.

Ni sawa na kijiji kugawa silaha kwa mgambo kabla ya kuuliza nani anawajua wanakijiji. Kwa hiyo lazima usaili ufanyike.

Usaili wa kwanza uko sehemu ya nje ya tezi. Seli T haioni kijidudu hivihivi. Inaona vipande vya protini ambavyo seli nyingine za mwili huviweka juu yao, kama mtu anayeonyesha chakula kwenye sinia. Seli T isiyoweza hata kuligusa sinia haina msaada wowote, na inaachwa ife. Hapa ndipo nyingi zinapoishia.

Zinazobaki zinaingia sehemu ya ndani. Huko zinaonyeshwa vipande vya mwili wenyewe. Inayokishika kipande cha mwili kwa nguvu inaamriwa kujiua, na kweli inajiua. Ukijumlisha usaili wote, zaidi ya seli 90 katika kila 100 hazitoki hai ndani ya tezi hiyo. Mimi nilipolisoma hili mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji.

Lakini insulini inatengenezwa kwenye kongosho, tumboni. Tezi ya kifuani inaipata wapi ya kuonyesha? Jibu lilianza kupatikana mwaka 1997, wanasayansi walipotambua jeni iliyopewa jina AIRE. Jeni hiyo inaziwezesha seli fulani za thaimasi kutengeneza kidogokidogo protini za viungo vingine, insulini ikiwemo, ili wasailiwa wazione mapema. Watu wachache wanaozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu hushambuliwa na kinga yao kwenye tezi kadhaa za mwili.

Hata hivyo usaili huu haukamati wote. Ndiyo maana seli T kadhaa hutoka kwenye tezi zikiwa na kazi nyingine, ya kuwatuliza wenzao wenye hasira. Shimon Sakaguchi wa Japani alizieleza mwaka 1995, na mwaka 2025 yeye pamoja na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Sasa turudi kwa mama yetu. Katika kisukari aina ya kwanza, seli T zilizopenya usaili, na ambazo watulizaji hawakuzidhibiti, huua seli zinazotengeneza insulini. Mama hakumlisha mwanawe sukari nyingi, wala hakuna aliyemroga. Na dawa za "kuongeza kinga" zinazouzwa mnadani hazina kazi hapa, kwa sababu kinga ya mtoto huyu haikupungua. Imekosea shabaha. Anachohitaji ni insulini kila siku, na asiachishwe hata akionekana amepona, maana bila hiyo anaweza kufa ndani ya siku chache.

Mama aliuliza pia kuhusu mdogo wake. Watoto wa tumbo moja na mgonjwa wana hatari zaidi kuliko watoto wengine, ingawa wengi wao hawaupati ugonjwa huu. Akianza kunywa maji kupita kawaida, kukojoa sana au kujikojolea kitandani wakati alikwisha kuacha, na kukonda huku anakula, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, usingoje hata kukuche. Huko wakimpima malaria peke yake, omba wampime na sukari; ni tone moja la damu kidoleni.