Andrew Amonde na Unahodha wa Raga ya Kenya

Kwa msomaji ambaye viwanja vya mtaani kwake vimezoea mpira wa miguu na ambaye humtambua nahodha kwa kitambaa cha mkononi, mamlaka ya nahodha wa raga yanaweza kuonekana makubwa kupita kiasi, kwa kuwa timu inapopata penalti yeye ndiye anayeamua kama mpira upigwe golini ili kupata alama, upigwe nje ili timu isogee mbele, au uguswe kwa mguu na kuchezwa papo hapo. Katika raga ya wachezaji 13, iliyojitenga na raga ya wachezaji 15 mwaka 1895 huko Huddersfield, Uingereza, baada ya klabu za kaskazini kutaka wachezaji wafidiwe ujira waliopoteza kazini, unahodha si mara chache humwangukia hafubeki, yaani mvaa jezi namba 7 anayepanga mashambulizi kabla timu yake haijakabwa mara sita na kulazimika kuuachia mpira.

Raga hiyo ya wachezaji 13 haikuota mizizi Afrika Mashariki, ingawa Edward Rombo, winga wa Kenya, aliifuata hadi Leeds mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kilichoshamiri Kenya ni raga ya wachezaji saba kila upande, na humo nahodha aliyeacha alama kubwa kuliko wote, Andrew Amonde wa klabu ya KCB, hakuwa hafubeki bali mchezaji wa mbele, mmoja wa watatu wanaofungana mabega na wapinzani watatu katika skramu huku hafubeki akiuingiza mpira katikati yao na kuuokota unapotokea nyuma.

Mgawanyo huo wa kazi una mantiki yake. Mchezo huu huwa na vipindi viwili vya dakika saba tu, na timu iliyopata alama ndiyo inayoanzisha tena mchezo kwa kupiga mpira juu kuelekea kwa wapinzani, hivyo timu inayoweza kuudaka mpira huo ukiwa bado angani inaweza kufunga mara mbili au tatu mfululizo bila wapinzani kuugusa. Ugomvi huo wa angani ni wa wachezaji wa mbele. Hafubeki huwa amesimama nyuma yao akisubiri mpira, na pengine ndiyo sababu amri ya nahodha aliye katikati ya vurugu, ambaye ameshaona mpinzani yupi amechoka na yupi amechelewa kuinuka, huwa na uzito wa pekee.

Uzito huo ulionekana Singapore, katika duru mojawapo ya mashindano ya dunia ya kila msimu, tarehe 17 Aprili 2016. Kenya ilikuwa imekwisha kufika fainali za duru nyingine na kushindwa, Adelaide mwaka 2009 mbele ya Afrika Kusini na Wellington mwaka 2013 mbele ya Uingereza katika muda wa nyongeza, na watu wengi walikwisha kuizoea kama timu ya kusifiwa kwa mbio zake na kurudi nyumbani bila kombe. Chini ya kocha Benjamin Ayimba, Amonde na wenzake waliitoa Argentina katika nusu fainali, kisha wakaifunga Fiji 30-7, Fiji ile ile ambayo miezi minne baadaye ilitwaa dhahabu ya Olimpiki huko Rio. Sifa nyingi zilimwendea winga Collins Injera, ambaye mwezi uliofuata aliweka rekodi ya trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, na alizistahili. Lakini trai za winga huzaliwa na mpira ambao mtu mwingine ameugombania kwanza.

Rio yenyewe ilikuwa chungu, kwani Kenya ilipoteza mechi zote za kundi na kumaliza ya 11. Amonde, akiwa amepita miaka 35, alirudi kuwa nahodha katika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa mwaka 2021, ambako alibeba bendera ya Kenya pamoja na Mercy Moim wa timu ya voliboli. Safari hii Kenya ilimaliza ya 9 baada ya kuifunga Ireland 22-0, na Amonde akaiaga timu ya taifa.