Soba au methadoni? Kwa nini ndugu wanakupa ushauri unaopingana

Wengi wetu tulio ughaibuni tunaujua ujumbe huu: mdogo wetu amerudia unga, tuma hela tumpeleke soba. Hela ya nyumba hiyo ya kuachia unga inatumwa. Miezi michache baadaye kijana anatoka, amenenepa, picha yake inazunguka kwenye kundi la familia, na kabla ya Ramadhani nyingine ujumbe uleule umerudi. Shangazi anauliza kwa nini hamumpeleki hospitali ya Muhimbili kwenye methadoni, mbona ni bure. Binamu anamjibu kwamba hiyo dawa ni unga wa serikali tu. Hakuna anayedanganya hapo. Kila mmoja anarudia aliyoyasikia kwa watu wanaoijua kazi, na watu hao wamefunzwa na shule mbili tofauti.

Heroini, yaani unga, ilianza kuonekana pwani yetu miaka ya 1980, nayo ilikuwa ikivutwa. Kuelekea mwaka 2000 ukaingia unga mweupe unaoyeyuka kirahisi kwenye maji, na sindano zikaenea. Matibabu yaliyokuwepo yalikuwa haba: mtu analazwa wodi ya magonjwa ya akili, arosto, yaani maumivu ya kukosa dawa, inapita, anarudi maskani. Zanzibar ndiko wenyewe waliowahi kutumia walikojitafutia njia nyingine. Mwaka 2009 nyumba ya kwanza ya soba ilifunguliwa huko, kwa msaada wa Detroit Recovery Project, taasisi ya jiji la Detroit, Marekani. Kilichovuka bahari ni hatua 12 za Narcotics Anonymous: hakuna kilevi cha aina yoyote, vikao kila siku, kusema ukweli wako mbele ya wenzako, na msimamizi ambaye naye alikuwa teja na hawezi kudanganywa kirahisi. Mtindo huo ukahamia bara, na leo soba ziko Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na kwingineko. Nyingi huendeshwa kwa ada ya familia, ndiyo maana ubora wake unapishana sana.

Methadoni imetoka kwingine kabisa, kwenye vita dhidi ya UKIMWI. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam miaka ya 2000 ulikuta zaidi ya watu 4 katika kila 10 wanaojidunga wana VVU, wakati kwa watu wazima nchini kiwango hakikuzidi 7 kwa 100. Februari 2011 Muhimbili ikafungua kliniki kwa fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa UKIMWI, ya kwanza ya umma ya aina yake katika Afrika bara kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata. Kenya ilianzia Mathari, Nairobi, mwishoni mwa 2014, kisha Malindi. Zanzibar ikafungua Kidongo Chekundu mwaka 2015. Shabaha ya kliniki hizi ni kumtoa mtu kwenye sindano na arosto. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya saa 24, kwa hiyo kikombe kimoja kwa siku, kinachonywewa mbele ya mhudumu, kinamwezesha kuamka, kula na kwenda kazini. Anayefuata hatua 12 kwa ukali ataona mtu huyu bado hajaacha. Mimi naona yuko hai, halali mtaroni na haibi simu ya mama. Huku Uingereza watu hunywa dawa hiyohiyo kwenye duka la dawa la mtaani, foleni moja na mwenye mafua, na hakuna anayegeuka kutazama.

Tatizo ni kufika. Familia nyingi humvuta kijana moja kwa moja hadi geti la kliniki, kisha zinashangaa kuambiwa asubiri. Tangu mwanzo mpango wa Dar es Salaam ulitegemea asasi za mitaani: waelimishaji rika, baadhi yao waliowahi kutumia, wanaingia maskani, wanaongea na mtu mara kadhaa, wanamwandaa, ndipo wanampeleka. Kliniki inataka mtu atakayemfuatilia mteja akipotea. Mtafuteni huyo kwanza. Ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya au hospitali yenye kliniki. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Mamlaka kama hiyo ya Kenya, NACADA, ni 1192. Hizo ni namba za ndani ya nchi, kwa hiyo apige aliyeko nyumbani, si wewe. Kwa upande wa asasi, Mombasa wapo MEWA na Reachout Centre Trust, na Malindi Omari Project iko kazini tangu miaka ya 1990.

Dawa ni bure, nauli si bure. Kwa kawaida kliniki ni kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na anayetoka Chanika kwenda Muhimbili anahitaji hela ya daladala kwenda na kurudi kabla hajatia kitu tumboni. Hapo ndipo pesa yako ya ughaibuni inapofanya kazi. Mtumie shangazi, ampe kijana nauli ya siku moja moja.

Soba nayo ina mahali pake, kwani methadoni hutibu uraibu wa heroini na jamii yake tu. Kwa bangi, mirungi au kokeini haisaidii. Mlevi wa pombe wa miaka mingi aanzie hospitali, maana kukatishwa ghafla kunaweza kumletea degedege. Kabla ya kulipa soba, ulizeni nani humpima anayeingia, anapewaje dawa zake za VVU au kifua kikuu, na mtu akitaka kuondoka hufanywaje. Kama jibu la mwisho lina minyororo, msilipe. Kwa dada au binti uliza zaidi, kwa sababu nyumba nyingi zilianzishwa kwa ajili ya wanaume.

Kuna jambo familia huambiwa mara chache. Baada ya miezi ya kukaa soba, mwili umesahau kiwango ulichokizoea. Kete zilezile alizokuwa akizimudu zamani zinaweza kumuua siku ya kwanza tu ya kurudia. Mwambieni hivyo waziwazi kabla hajatoka, na mpeni namba ya mwelimishaji rika wa mtaa wake.