Mwanga wa Bendi Mbili Katika Uzi Mmoja



Wenzetu wa mashamba ya michikichi hapa Rumonge huuliza: yawezekanaje waya wa intaneti uliokwisha fukiwa ukaongezewa nguvu bila mtaro mpya kuchimbwa? Swali ni la haki, maana jembe ndilo lililowapa wengi kibarua.

Burundi haina bahari. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, mawasiliano yetu na ng'ambo yalitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Ndipo Burundi Backbone System, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ikajenga mkongo wa taifa. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Gharama kubwa haimo katika kioo, imo katika kuchimba na kufukia. Kwa hiyo wenye mkongo hutafuta kwanza kuujaza uzi uliopo.

Zamani mwanga uliwashwa na kuzimwa tu, kama mvuvi wa ndagala anayempa mwenzake ishara kwa tochi. Mtambo uitwao transiponda koherenti una taa yake ya leza upande wa kupokea. Huchanganya mwanga huo na ule unaofika, ukapima ukubwa wa wimbi, mahali lilipofika katika mzunguko wake, na upande linakotikisikia. Hivyo wimbi moja hubeba habari nyingi kuliko kuwaka na kuzima. Mitambo hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 2000.

Uzi mmoja hubeba "rangi" nyingi pamoja. Bendi ya C, kuanzia nanomita 1530 hadi 1565, huingiza rangi 80 na zaidi. Bendi ya L, inayofika karibu 1625, huongeza karibu nyingine kama hizo. Transiponda ya bendi mbili huweza kurekebishwa itumike kokote kati ya hizo. Faida yake kwetu iko ghalani: kipuri cha aina moja badala ya mbili, katika nchi inayonunua vipuri kwa fedha za kigeni zilizo adimu.

Lakini kadi peke yake haitoshi. Kila kilomita 15 hivi nusu ya mwanga hupotea. Kutoka Bujumbura hadi hapa, kilomita 70 na zaidi, inabaki chini ya sehemu 1 kati ya 20. Lazima pawe na vipaza mwanga, na kipaza cha bendi ya C hakifai bendi ya L. Kwa maoni yetu, njia ya Rumonge itatoshelezwa na bendi moja kwa muda mrefu. Bendi mbili zinastahili njia kuu za kwenda Mombasa na Dar es Salaam, inakokusanyika mizigo ya nchi nyingi.

Sasa usalama, jambo ambalo wakandarasi hawalisemi sana. Mwanga wa bendi hizi hauonekani, na mwanga wa kipaza waweza kudhuru jicho. Bendi ya pili inapoongezwa, nguvu ndani ya uzi huzidi. Usichungulie ncha ya uzi hata ikionekana imekufa, wala usitumie kioo cha kukuzia, mpaka fundi ameupima kwa kifaa. Ukikata mkongo kwa sururu, uache ulipo, uzuie watu, umwite fundi. Vipande vya kioo huingia katika ngozi bila kuonekana. Viwekwe katika chombo chenye kifuniko, na mtu asile chakula mahali nyuzi zinapounganishwa.

Mwaka 2024, ziwa lilipopanda mno, watu wa mwambao walihama nyumba zao. Mkongo unaofuata barabara ya ziwani utahitaji mikono kila udongo unapomomoka. Kwa hiyo wawakilishi wetu wadai mambo mawili katika kila mkataba wa matengenezo: miwani ya kinga kwa kila mtu wa zamu, na vijana wa hapa wafunzwe kuunganisha nyuzi, si kubeba koleo tu.