Kijana wa Bura na Kiswahili cha runinga

KATIKA kamusi, neno ‘kijana’ halina jinsia. Mvulana ni kijana, msichana naye ni kijana, na Katiba ya Kenya ya 2010 inawaita vijana wote waliotimiza miaka 18 ila hawajafika 35. Lakini hebu tega sikio taarifa ya habari jioni. “Vijana watatu wamekamatwa.” Nani huwaza wasichana hapo? Neno limebanwa likawa la mwanamume, tena mwanamume mshukiwa.

Runinga basi haituonyeshi vijana tu. Hutuamulia kijana ni nani na huongea vipi. Swali hili nimelibeba tangu nianze kwenda Bura, Kaunti ya Tana River.

Chukua Nairobi Half Life, filamu ya 2012 iliyoongozwa na David ‘Tosh’ Gitonga. Mwas, barobaro wa kijijini, huuza kanda za sinema huku akiigiza mikasa iliyomo. Kwao husikika Kikuyu. Akishafika Nairobi, Sheng inamwingia mdomoni pamoja na maisha ya genge. Mtazamaji haambiwi kwamba Mwas amekuwa mtu wa mji, anamsikia. Huo ni ufundi, nami sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mazoea. Soul Boy (2010) iko Kibera, Rafiki (2018) ya Wanuri Kahiu iko Nairobi vilevile. Kijana wa Pwani alipopata nafasi katika Watatu (2015), aliingia na mzigo wa itikadi kali. Filamu hizo, kila moja peke yake, ina sababu zake. Zikijumlishwa, ujana unakuwa mali ya jiji moja.

Na Bura je? Skimu ya unyunyizaji maji ilipokea wakulima wake wa kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakitoka pande nyingi za nchi. Waliwakuta Wapokomo, Waorma, Wamunyoyaya na wengineo. Aliyezaliwa katika vijiji vya skimu huongea Kiswahili na jirani si kwa mtindo, ila kwa kuwa hana lugha nyingine ya kumwombea chumvi. Isitoshe, Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Vyote ni vya kundi la Sabaki, pamoja na lugha za Mijikenda na Kingazija. (Hata lahani ya wimbo wetu wa taifa imetokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Runinga zimeupiga miaka yote hii.) Kiorma nacho ni cha Kikushi: nomino zake zina jinsia ya kiume na ya kike, hazipangwi kwa ngeli kama zetu.

Hapa ndipo pananiuma. Barobaro wa Kiorma akisema “kitabu yangu”, katika vichekesho vyetu hiyo ni lafudhi ya mchungaji, na ukumbi unacheka. Mwigizaji wa Nairobi akisema “kitabu yangu”, hiyo ni Sheng, ni ujana, ni ujanja. Kisarufi ni umbo lilelile: upatanisho wa KI-VI umetupwa, mahali pake pakaingia ‘ya’. Kinachotofautiana ni mdomo uliolitamka. Kicheko hicho hakihusu sarufi hata kidogo.

Kwenye habari ndiko kubaya zaidi. Tana River huingia runingani mafuriko yakija, ukame ukikaza, au kama mwaka wa 2012 na 2013, mapigano yalipozuka kule Delta. Kijana huonyeshwa, hasemi. Anayesema ni chifu au mheshimiwa.

La ajabu ni kwamba anayetamka Kiswahili kingi kwenye skrini za vijijini si mhusika wa Kenya. Ni shujaa wa sinema ya Kihindi au ya Kimarekani aliyetiwa maneno na DJ Afro, kama alivyofanya Lufufu nchini Tanzania. Kijana wa Mumbai amepewa ulimi wa Kiswahili kabla ya kijana wa Bura! Watazamaji huwapenda mafundi hao kwa kuwa wanachanganya lugha bila woga, jinsi watu wanavyoongea.

Niliwahi kuwaomba vijana wachache wa Bura wanitungie igizo fupi. Wahusika wao wote walikuwa Nairobi, wakirukia matatu. Hakuna aliyevuka mto, wala aliyekesha akifukuza ngiri shambani.

“Mbona hamjiandiki?” nikauliza.

“Hiyo si ya TV, mwalimu,” akajibu mmoja.

Nikawaambia waandike ugomvi wowote walioushuhudia juzi, kwa maneno yaleyale. Msichana mmoja akaleta kurasa mbili za zamu ya maji mferejini. Mhusika wake anamjibu nyanya yake kwa Kipokomo, anabishana na jirani mfugaji kwa Kiswahili cha “mahindi yangu imekauka”, kisha anapiga simu Garissa kwa Sheng. Tulipoyasoma kwa sauti watu walicheka, lakini walimcheka jirani aliyeiba zamu. “Imekauka” haikumshtua yeyote. Kurasa hizo ninazo, na mtayarishaji wa tamthilia anayezitaka nitamuunganisha na mwenyewe.