Tulishinda, Walifungwa: Shabiki wa Chuo na Sarufi ya Ushindani

Kila muhula tunapowapa wanafunzi wetu insha ya masimulizi, tunajua mapema kwamba wengi wataandika kuhusu mpira. Hatuwalaumu. Mpira ndio jambo wanalolijua kwa undani na kulisimulia bila kulazimishwa. Muhula mmoja tulipata insha kadhaa kuhusu mchezo uleule: mechi ya kirafiki kati ya timu ya chuo kimoja cha Jinja na timu ya chuo kimoja cha Mbale, iliyochezwa Mbale siku ya Jumamosi. Wenyeji walishinda mabao mawili kwa moja, la pili likiwa la penalti katika dakika za lala salama.

Insha mojawapo, ya mwanafunzi kutoka Jinja, ilianza hivi: "Tulifika Mbale saa tano. Tulianza mchezo kwa kasi na tukafunga bao la mapema." Aya mbili baadaye, mwandishi yuleyule akaandika: "Kipindi cha pili vijana walizembea, wakafungwa mabao mawili ya kijinga."

Tuliisoma mara mbili. Kipindi cha kwanza ni *tu-*, kipindi cha pili ni *wa-*. Mwandishi mwenyewe hakugusa mpira hata mara moja. Alikuwa kando ya uwanja pamoja na mashabiki wenzake dakika zote tisini. Lakini bao lilipoingia langoni mwa wapinzani alikuwa mchezaji, na yalipoingia mabao langoni mwao akageuka mtazamaji. Hakuna kosa la sarufi katika sentensi zake. Hata hivyo, sarufi imetuambia jambo ambalo yeye hakukusudia kutuambia. Makala haya yanaeleza jambo hilo, na kwa nini sisi walimu wa Kiswahili tunapaswa kulijali.

Kuota jua la wengine

Tabia hii si ya Jinja wala Mbale peke yake. Mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti walioufanya katika vyuo vikuu vya Marekani. Walichunguza mashabiki wa mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa kwa mpira uliochongoka na unaoshikwa mikononi. Kwanza, katika vyuo vikuu saba, walihesabu siku za Jumatatu ni wanafunzi wangapi waliovaa mavazi yenye jina au nembo ya chuo chao. Waligundua kwamba idadi ilipanda pale timu ya chuo iliposhinda mwishoni mwa juma. Kisha waliwapigia wanafunzi simu na kuwauliza kuhusu matokeo ya mchezo fulani. Waliosimulia ushindi walielekea zaidi kusema "sisi" kuliko waliosimulia kushindwa. Tena mwelekeo huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wale waliokuwa wametoka kuambiwa kwamba wamefanya vibaya katika jaribio dogo. Aliyevunjwa moyo alitafuta timu ya kujishikiza.

Watafiti hao waliita tabia hii kwa maneno ambayo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni kuota jua la sifa za wengine. Jua ni la mwingine, lakini joto unalipata wewe uliyekaa karibu.

Lugha yetu inaifichua tabia hii waziwazi zaidi. Katika Kiingereza, kiwakilishi husimama peke yake mbele ya kitenzi. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi kimo ndani ya kitenzi chenyewe, hivyo msimulizi hawezi kusimulia pasipo kuchagua pa kukaa. Wasemaji wa Lusoga watalitambua jambo hili haraka, kwani nao wana *tu-* yao na *ba-* yao. Shabiki ana viti vitatu. Akisema "tulifungwa", amekaa na wachezaji. Akisema "walifungwa", amejitenga nao. Akisema "timu ilifungwa", amekaa na waandishi wa habari, maana *i-* ya ngeli ya tisa haina mapenzi wala chuki.

Kiti cha *tu-* kinavuka hata miaka. Tumemsikia kijana wa Mbale aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akiwaambia wenzake, "Sisi tulitwaa Kombe la Uganda mwaka 1976." Ni kweli kwamba mwaka huo kombe lilikwenda Mbale kupitia klabu ya Gangama United, lakini huenda hata wazazi wake walikuwa bado wadogo. Mwenzake wa Jinja alimjibu kwa ushindi wa karibu zaidi: BUL FC, klabu ya kiwanda cha mafuta ya kula cha Bidco, iliifunga Vipers 3-1 katika fainali ya mwaka 2022 iliyochezwa Masindi. "Na sisi juzi tu tumewafunga Vipers!" Wote wawili walikuwa wameketi darasani, na hakuna aliyekuwa na kombe mkononi.

Mzizi mmoja, visingizio vingi

Shabiki anapoeleza kiwango cha timu yake, hutumia vitenzi vichache tu, lakini huvinyumbua kwa ustadi. Mwalimu anayetafuta mifano ya unyambulishaji asihangaike. Achukue mzizi *-fung-*:

- *Tulifunga*: kauli ya kutenda. Sifa yote ni yetu.
- *Tulifungwa*: kauli ya kutendwa. Tumepatwa na jambo, na aliyelitenda si lazima atajwe.
- *Tulifungwa na refa*: mtenda ametajwa, lakini si yule aliyepiga mpira.
- *Kipa alitufungisha*: kauli ya kutendesha. Bao ni la wapinzani, lawama ni ya mmoja wetu.
- *Tulijifunga*: mtendaji na mtendwa ni mmoja. Hili ndilo neno la bao la kujifunga wenyewe, na pia ndilo neno gumu zaidi kutoka kinywani mwa shabiki.
- *Tulifungana*: kauli ya kutendana. Kila upande umefunga na umefungwa.

Tuliwaomba wanafunzi wapitie insha zao na kupiga mstari chini ya kila umbo la mzizi huu. Insha za upande wa Mbale zilijaa *tulifunga*. Za upande wa Jinja zilijaa *tulifungwa na refa* na *beki alitufungisha*. Hakuna hata moja iliyosema kwamba kipindi cha pili wapinzani walicheza vizuri zaidi.

Hapo ndipo tulipofundisha tofauti ya mambo matatu ambayo shabiki huyachanganya. Kueleza ni kusema kilichotokea: "Baada ya mapumziko viungo wetu walirudi nyuma mno." Kufafanua ni kusema sababu: "Walirudi nyuma kwa kuwa walichoka, maana walikimbia sana kipindi cha kwanza." Kulaumu ni kutafuta mtu: "Kocha ametuuza." Sentensi mbili za kwanza zinaweza kujadiliwa, kupingwa au kuthibitishwa. Ya tatu haiachi nafasi ya mjadala. Mwanafunzi anayeweza kuandika aya nzima kuhusu mchezo uliopotea bila kuilaumu nafsi yoyote amejifunza kuandika hoja, iwe ni ya mpira au ya fasihi.

Kitenzi *kushindwa* nacho kina mafunzo. Kina maana mbili: kupoteza mchezo, na kutoweza jambo. "Tulishindwa" inaweza kukamilika hapo, au ikaendelea: "tulishindwa kumiliki mpira", "tulishindwa kuzuia kona". Tunawashauri wanafunzi waiendeleze. Sentensi ikiishia kwenye *tulishindwa*, ni kilio. Ikiendelea, inakuwa uchambuzi.

Siku darasa liliponyamaza

Tungeweza kuishia hapo, na makala yangekuwa ya sarufi tu. Lakini katika insha zilezile kulikuwa na moja iliyotufundisha jambo zito zaidi.

Mwanafunzi aliisoma kwa sauti mbele ya wenzake. Ilianza na "timu ya Mbale". Aya iliyofuata ikawa "watu wa Mbale". Kisha ikawa "hao wa mlimani", na mwishoni, baada ya ile penalti, ikawa "ndivyo walivyo siku zote". Kwanza wenzake walicheka. Walipofika "ndivyo walivyo", kicheko kilikatika. Msichana mmoja ambaye kwao ni kwenye miteremko ya Mlima Elgon alikusanya madaftari yake akatoka. Hakugomba. Alitoka tu.

Tulijilaumu kwa kuchelewa kuingilia. Tuliporudi kwenye maandishi tuliona jinsi njia ilivyokuwa fupi. Hakuna tusi hata moja katika insha ile. Kilichobadilika ni kile ambacho *wa-* ilisimamia: kwanza wachezaji kumi na mmoja, kisha mji, kisha kabila zima. Na kitenzi nacho kiliacha wakati uliopita wa *-li-*, unaosimulia mchezo mmoja, kikaangukia "walivyo", umbo lisilo na wakati. Kosa la dakika moja likageuzwa kuwa tabia ya watu.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu wanafunzi hawa wataajiriwa kuwa walimu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza Uganda mwaka 2020 uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwalimu wa Kiswahili atakayepangiwa Jinja au Mbale atasimama mbele ya watoto Wasoga, Wagisu, Wateso, Wagwere, Wajapadhola na wengine. Zaidi ya hayo, wapo wazee ambao bado wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya amri za askari. Tukitaka watoto wakipokee kama lugha ya kukutania, *sisi* yake isiwe na mlango mmoja tu.

Adui, mpinzani, mtani

Tuliyachunguza pia majina waliyotumia kuwaita wale wa upande wa pili. Neno lililojitokeza zaidi lilikuwa *adui*. Lilifuatiwa na *mpinzani*, linalotokana na *kupinga*. *Mshindani* lilitumika mara chache, nalo linatokana na *kushindana*, yaani kila mmoja kutafuta kumshinda mwenzake. Kiambishi *-an-* kinadai watu wawili. Shabiki anaweza kushangilia peke yake, lakini hawezi kushindana peke yake. Ushindani wa Jinja na Mbale ni mali ya miji yote miwili.

Neno ambalo hatukulipata katika insha yoyote ni *mtani*. Tanzania, mashabiki wa Simba na Yanga wanaitana watani wa jadi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miaka hiyo yote wamebezana, wameimbana na kunyimana usingizi. Lakini neno lenyewe limetoka katika desturi ya utani baina ya makabila, ambayo ina masharti yake. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki, nawe unayo ruhusa hiyohiyo. Huruhusiwi kukasirika. Na siku ya msiba mtani wako ndiye anayefika kusaidia kazi na kuwachekesha wafiwa. Kejeli ya mtani inalindwa na wajibu wake.

Tulilipeleka neno hili darasani juma lililofuata. Yule mwandishi wa "hao wa mlimani" alikuwa amekwisha kumwomba radhi mwenzake, nje ya darasa, bila kuambiwa na yeyote. Tuliwapa wote kazi moja: mwandike mchezo uleule kwa *tu-* ya upande wa pili. Wa Jinja wakaandika "tulisawazisha, tukapata penalti". Wa Mbale wakaandika "tulisafiri asubuhi kwa njia ya Iganga na Tirinyi, tukaongoza, tukachoka". Yule msichana aliandika vizuri kuliko wote. Katika insha yake wachezaji wa Jinja wanarudi usiku ndani ya basi bila mtu kusema neno, na kipa amekaa kiti cha nyuma kabisa.

Tangu hapo darasa lile lina watu wa mto na watu wa mlima. Wanaitana hivyo wenyewe, kwa zamu, wakicheka. Maneno ni karibu yaleyale ya insha ya kwanza. Kilichoongezeka ni ruhusa ya pande zote mbili.

Kwa walimu wenzetu

Kwa ufupi, tunapendekeza mambo matatu kwa mwalimu atakayepokea insha ya mpira. Kwanza, kabla ya kusahihisha tahajia ya *penalti* na *golikipa*, afuatilie viambishi vya nafsi kutoka mwanzo hadi mwisho na amwonyeshe mwanafunzi mahali alipohama kiti. Pili, adai walau aya moja inayofafanua sababu za matokeo bila kumlaumu mtu. Tatu, amtake mwanafunzi auandike mchezo huo upya kutoka upande wa pili.

Hatusemi kwamba shabiki aache kusema "tulishinda". Raha ya ushabiki imo humo, na sisi wenyewe tumeisema mara nyingi. Tunachomwomba ni abaki kwenye *tu-* hata kipindi cha pili, mabao yanapoingia upande wake. Wahenga walikwisha kulisema: asiyekubali kushindwa si mshindani.